Mashine ya kuchoma DVD kwa studio ndogo: Inunuliwe au mzigo upelekwe kwa mwingine?

Alhamisi jioni simu inaita kwenye studio ndogo ya picha na video. Anayepiga ni mwenyekiti wa kwaya. Uzinduzi wa albamu yao ya video ni Jumapili ya wiki ijayo, mgeni rasmi ameshathibitisha, na kamati imekaa ikaamua nakala za DVD ziwe 300.

"Mtaweza, kijana wangu, au tutafute wengine?"

Studio ina kompyuta moja yenye draivu moja ya kuchomea. Kila DVD, ukihesabu muda wa kuichoma, kuitoa, kuikagua na kuweka nyingine, inakula kama dakika kumi. Hizo ni DVD sita kwa saa. Mzigo wa 300 ni saa 50, yaani zaidi ya siku sita za kazi, na hapo kava hazijachapwa na hakuna aliyelala vizuri.

Hapo ndipo wazo la mashine huingia kichwani. Mtu ametuma picha kwenye kundi la WhatsApp: kasha refu jeusi lenye trei saba au nane, "used kutoka Dubai, haina shida". Bei inaonekana inalipika. Kwa studio nyingi ndogo, hela hiyo ndiyo akiba yote iliyopo, au ni mkopo wa VICOBA ambao mama mwenye nyumba ndiye mdhamini wake.

Swali ni kama mashine hiyo itarudisha hela yake kabla watu hawajaacha kabisa kununua DVD. Jibu linategemea hesabu chache ambazo wauzaji wengi hawazitaji.

Mashine yenyewe ni kitu gani

Mashine ya kudurufu CD na DVD inaonekana kubwa na ya kitaalamu, lakini ndani yake hamna maajabu. Ni kasha lenye draivu za kawaida za kompyuta zilizopangwa juu kwa juu, kifaa cha kuzisambazia umeme, na bodi ndogo inayoziongoza zote. Draivu moja inasoma nakala mama, nyingine zote zinachoma. Ndiyo maana mashine hutajwa kwa uwiano: moja kwa tatu, moja kwa saba, moja kwa kumi na moja.

Haihitaji kompyuta wala programu. Unaweka nakala mama, unapakia CD tupu, unabonyeza kitufe. Baadhi zina hadi disk ya kuhifadhia, hivyo kazi ya kwaya ya mwaka jana inaweza kuitwa tena bila kutafuta nakala mama iliko.

Hii si mashine ya kiwandani. Kiwandani, CD na DVD za filamu kubwa hazichomwi, zinagongwa. Hutengenezwa nakala mama ya kioo, kisha muhuri wa chuma, kisha plastiki inagandamizwa kwenye muhuri huo ikiwa na data tayari. Kazi ya namna hiyo kwa kawaida huanzia oda ya 500 au 1,000, kwa sababu gharama ya kutengeneza muhuri ni ileile hata ukitaka nakala moja. DVD ya kuchomwa, kwa upande wake, ina tabaka la rangi ambalo mwanga wa leza hulibadilisha. Ndiyo sababu ile ya kiwandani hudumu kwenye deki chakavu, na ile ya kuchomwa wakati mwingine inagoma.

Jambo moja ambalo mashine haifanyi: haipunguzi bei ya CD tupu, kasha wala wino. Anayechoma kwa draivu moja na anayechoma kwa draivu kumi na moja wote wananunua DVD tupu kwa bei ileile pale Kariakoo. Kinachonunuliwa kwenye mashine ni muda tu. Kwa hiyo kama studio haijawahi kukosa muda, yaani haijawahi kumrudisha mteja kwa sababu ya wingi wa nakala, mashine haina tatizo la kutatua.

Kasi ya kwenye tangazo na kasi ya mezani

Kwenye matangazo huandikwa 24x, 52x na namba nyingine za kuvutia. Kwa CD, 1x ni kilobaiti 150 kwa sekunde. Kwa DVD, 1x ni karibu megabaiti 1.4 kwa sekunde, kama mara tisa ya ile ya CD. Ndiyo maana 16x ya DVD ni kasi kubwa kuliko 52x ya CD, japo namba inaonekana ndogo.

DVD ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7. Ikiwa imejaa na inachomwa kwa 8x, hesabu inatoa kama dakika saba. Ongeza muda wa kufungua na kufunga maandishi, ni kama nane. Kwa 16x itashuka hadi dakika tano au sita, si nusu kamili, kwa sababu draivu hufikia kasi hiyo ya juu inapokaribia ukingo wa nje tu.

Wachomaji wazoefu huwa hawaikimbilii 16x. CD tupu za bei rahisi zikichomwa kwa kasi ya juu hutoa makosa mengi zaidi ya kusoma, na anayeyagundua ni bibi wa bwana harusi kule kijijini, siku deki inapoganda katikati ya kukata keki. Kasi ya 8x ndiyo wengi huiona salama.

Tuchukue mashine ya moja kwa saba, ikichoma kwa 8x. Ukijumlisha muda wa kupakia na kutoa, kila mzunguko ni kama dakika kumi. Hizo ni DVD 42 kwa saa. Mzigo wa kwaya wa 300 unakwisha kwa saa saba na kidogo, siku moja ya kazi badala ya sita.

Lakini kuna njia ya kati ambayo haitangazwi sana, kwa sababu hakuna anayepata faida kubwa akiiuza. Kompyuta ya mezani yenye kasha kubwa inaweza kufungwa draivu tatu. Programu kama Nero inaweza kuchoma kwenye draivu zaidi ya moja kwa wakati mmoja, na ImgBurn, ambayo ni ya bure, inaweza kufunguliwa mara kadhaa, kila dirisha na draivu yake. Hapo ni DVD 18 kwa saa. Zile 300 zinakwisha kwa saa 17, siku mbili na kitu. Gharama ni draivu mbili za ziada na waya zake. Kwa mtu aliyepewa siku kumi, hilo linatosha kabisa.

Hesabu ambayo muuzaji hakupigii

Bei hubadilika kila wiki na kila mtaa, kwa hiyo namba zifuatazo ni za mfano tu. Kila mtu aweke za kwake.

Tuseme mashine ya moja kwa saba inafika mezani kwa Sh1.5 milioni. Printa inayochapa moja kwa moja juu ya DVD ni Sh900,000. Betri ya kuhimili umeme ukikatika ni Sh200,000. Jumla ni Sh2.6 milioni. Wengi hukosea hapa mwanzoni: wanahesabu mashine, wanasahau kwamba DVD 300 nyeupe zisizo na chapa hazizinduliwi mbele ya mgeni rasmi.

Sasa nakala moja. DVD tupu ya kuchapika Sh800, kasha Sh500, kava la karatasi Sh350, wino Sh150, na Sh100 ya kufidia zitakazoharibika. Hapo ni Sh1,900. Ongeza Sh200 ya umeme na posho ya kijana anayepakia trei. Nakala imegharimu Sh2,100. Mteja analipa Sh3,000. Faida ni Sh900.

Gawanya Sh2.6 milioni kwa Sh900, unapata nakala 2,889. Watu wengi huishia hapa na kusema, mbona inawezekana, oda kumi za kwaya tu.

Hesabu hiyo ina kasoro. Inalinganisha kununua mashine na kukaa bila kazi kabisa. Uhalisia hauko hivyo. Mwenye studio asiye na mashine anaweza kupeleka mzigo kwa fundi mwenye mashine tayari. Tuseme fundi huyo anachukua Sh2,500 kwa nakala iliyokamilika, na mteja analipa Sh3,000 ileile. Studio inabaki na Sh500 bila kununua hata skrubu.

Kwa hiyo kile ambacho mashine inakiongeza si Sh900. Ni tofauti kati ya 900 na 500, yaani Sh400 kwa nakala. Gawanya tena: Sh2.6 milioni kwa Sh400 ni nakala 6,500.

Hiyo ndiyo namba ya kuitazama usoni. Studio inayopiga harusi 30 kwa mwaka na kutoa nakala tano kila harusi, ukiongeza oda mbili za kwaya za nakala 100, inafikisha nakala 350 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, 6,500 ni zaidi ya miaka 18. Mashine itakuwa imeshageuka kabati la kuwekea sukari.

Studio yenye nakala 600 kila mwezi, kila mwezi kweli, si Desemba tu, inazifikia kwa miezi kumi na moja hivi. Hiyo ni biashara tofauti kabisa. Mara nyingi ni mtu ambaye makwaya, wahubiri na vikundi vya qaswida wa wilaya nzima wanamjua, au anayechomea studio nyingine tano.

Katikati ya hao wawili kuna wengi, na kwao muda wa kurudisha hela ndio unaoamua. Kwa bidhaa nyingine mtu anaweza kuvumilia miaka mitatu. Kwa DVD, zaidi ya mwaka mmoja ni kamari.

Nani bado ananunua DVD?

Soko lenyewe linasinyaa, na hilo halijifichi. Apple ilitoa MacBook Air bila draivu ya CD mwaka 2008, watu wakacheka. Leo ni kazi kupata laptop mpya yenye draivu. Netflix ya Marekani, iliyoanza kwa kutuma DVD kwa posta, ilifunga huduma hiyo Septemba 2023. Sony ilisitisha kuzalisha Blu-ray za kurekodia Februari 2025.

Huku kwetu mabadiliko yamekuja kwa njia yake. Muziki uko YouTube na Boomplay. Televisheni bapa zina tundu la USB ubavuni. Bibi harusi anataka kipande cha dakika moja cha kuweka Status kabla hata ya kutoka ukumbini, na video nzima anaitaka kwenye flashi au kwa linki.

Kuna sababu ya kiufundi pia. DVD ya video ya mfumo wa PAL, unaotumika Tanzania na Kenya, ina mistari 576 ya picha. Kamera ya leo inarekodi Full HD yenye mistari 1,080, na nyingine 4K. Kuiweka kazi hiyo kwenye DVD ni kuipunguza kwanza. Mteja aliyelipia kamera tatu na droni anaangalia DVD kwenye televisheni ya inchi 55 na kuuliza mbona picha ina ukungu. Flashi ya gigabaiti 16 haina tatizo hilo.

Pamoja na hayo, kuna mahali ambapo DVD haijafa, na mahali penyewe ndipo oda kubwa zinapotoka.

Pa kwanza ni uzinduzi. Mtu asiyewahi kuhudhuria uzinduzi wa albamu ya kwaya anaweza kudhani pale watu wananunua muziki. Kinachofanyika ni harambee. Mgeni rasmi anakabidhiwa nakala ya kwanza juu ya sinia lililofunikwa kitambaa, anainyanyua juu, anatangaza kiasi anachoinunulia, ukumbi unapiga vigelegele. Wanafuata wachungaji, wafanyabiashara, ndugu wa wanakwaya. Nakala inayouzwa Sh10,000 mlangoni inachukuliwa kwa Sh200,000 mezani. Wengine wanaoibeba hata deki hawana. Wanahitaji kitu cha kushika mkononi, chenye kava na picha. Flashi haina pa kubandika kwaya nzima ikiwa na sare.

Pa pili ni kwa wazee na vijijini, kwenye nyumba zenye televisheni ndogo ya sola na deki iliyonunuliwa zamani, ambako bando la kutazama video ya saa mbili ni anasa. Pa tatu ni mahubiri na mihadhara ya dini, inayouzwa nje ya ibada siku hiyohiyo, watu wakiwa bado na joto la maneno waliyoyasikia. Hapo ndipo kasi ya mashine ina maana halisi, kwa sababu baada ya nusu saa mnunuzi ameshapanda daladala.

Mwenye studio anayefikiria kununua aangalie daftari lake: oda zake zinatoka kwa nani? Kama ni harusi, DVD zinapungua na zitaendelea kupungua. Kama ni uzinduzi na mahubiri, bado kuna pumzi.

Lawama hurudi kwa studio

Mashine inazidisha nakala, na inazidisha kosa vilevile. Nakala mama ikiwa na dosari dakika ya 43, mashine itatengeneza DVD 300 zenye dosari dakika ya 43. Utaratibu wa wazoefu ni kuchoma moja kwanza, kuitazama mwanzo hadi mwisho kwenye deki ya bei rahisi kuliko zote mtaani, ndipo kubonyeza kitufe.

Kosa la wanaoanza ni kuweka faili la MP4 moja kwa moja kwenye DVD kana kwamba ni flashi. Deki mpya inaweza kulisoma, ya zamani italikataa. DVD ya video inatakiwa itengenezwe kama DVD ya video, na mafaili yake maalumu na menyu yake. Saa mbili ndizo zinazokaa kwenye gigabaiti 4.7 kwa picha inayoridhisha. Ukisukuma saa nne humo, nyuso zinageuka viraka.

Kwa deki za zamani, DVD-R kwa kawaida hupokelewa vizuri zaidi kuliko DVD+R. Stika za karatasi za kubandika juu ya DVD ziepukwe. Zikikaa upande kidogo zinaipoteza mizani inapozunguka, na kwenye joto gundi inaachia, wakati mwingine ndani ya deki ya mteja. Hapo studio italipia deki.

Ndiyo maana printa ni nusu ya uamuzi. Baadhi ya printa za Epson, kama L805, zina trei ya kuweka DVD na kuchapa juu yake moja kwa moja, mradi DVD iwe ya aina yenye uso mweupe wa kupokea wino. Printa hiyo inachapa pia picha na kava, kwa hiyo hata oda za DVD zikikauka, yenyewe inaendelea kula na kulipa. Kuna studio ambazo zilipaswa kununua printa tu, basi. Draivu tatu kwenye kompyuta, printa nzuri pembeni, na namba ya fundi mwenye mashine kwa siku ya mzigo mkubwa.

Karatasi za serikali

Hapa watu wengi hupita haraka, na ndipo mashine huweza kuchukuliwa yote.

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Kuzidisha kazi ya mtu kwa ajili ya kuuza bila idhini yake ni kosa, na anayechoma hawezi kujitetea kwamba "mimi nilipewa tu CD nidurufu". Studio inayojali huomba barua ya kwaya au msanii, yenye jina la albamu, idadi ya nakala na sahihi, kabla ya kupakia trei ya kwanza. Barua hiyo inamlinda pia mwenye kazi, kwa sababu idadi imeandikwa. Kesi za "tuliagiza 300, mtaani ziko 500" huvunja urafiki wa miaka.

Tangu 2013, kazi za muziki na filamu zinazouzwa kwenye CD na DVD ziliwekwa kwenye mfumo wa stempu za kodi za TRA. Filamu na maigizo yanapita pia Bodi ya Filamu. Kenya, mambo ya hakimiliki yako chini ya KECOBO. Taratibu na tozo hubadilika, kwa hiyo kabla ya kulipia mashine ni vizuri kufika ofisi za TRA na COSOTA na kuuliza utaratibu wa sasa kwa anayedurufu kazi za wengine, siyo kuuliza kwa jirani wa fremu. Gharama ya stempu iingie kwenye ile hesabu ya nakala moja. Nakala tano za harusi zinazogawiwa wazazi si sawa na albamu inayouzwa mlangoni, lakini studio nyingi hufanya zote mbili kwenye meza ileile.

Mashine hizi pia hazinakili DVD zenye kinga, zile za filamu za kibiashara. Anayeuziwa mashine kwa maneno ya "hii inavunja kila kitu" anauziwa matatizo.

Kama hesabu imekubali

Kwa yule mwenye nakala mia kadhaa kila mwezi na karatasi zake safi, mashine ni kifaa kizuri. Kinachobaki ni kuchagua isiyomtia hasara.

Nyingi zinazouzwa zimetumika. Draivu ndiyo inayochoka kwanza, leza yake hudhoofika kwa kazi. Jaribio la maana ni moja: nenda na DVD tupu za kujaza trei zote na nakala mama yako, choma pale pale dukani, washa na kazi ya kulinganisha nakala na mama yake baada ya kuchoma. Muuzaji akisema hana muda, ondoka. Trei moja ikigoma kwenye mashine ya saba, huo ni uwezo pungufu kwa asilimia 14, na bei ishuke.

Ulizia kama draivu zake ni za kawaida za SATA, zinazoweza kubadilishwa na fundi wa kompyuta. Kisha ulizia upande wa pili wa mtaa kama draivu hizo bado zinauzwa na kwa bei gani. Kadiri kompyuta mpya zinavyokuja bila draivu, ndivyo vipuri vinavyozidi kuwa vya kutafuta. Wenye akili hununua mbili za akiba siku hiyohiyo.

Mashine kubwa zaidi si lazima iwe bora. Moja kwa kumi na moja inachoma DVD 66 kwa saa kwa mahesabu yaleyale, lakini mtu mmoja anayepakia, kuchapa na kuweka kwenye makasha hawezi kwenda nayo. Printa ndiyo itakayokuwa foleni. Kwa studio ya watu wawili, moja kwa saba kwa kawaida inatosha, na wengi wangefanya vizuri na moja kwa tatu.

Umeme ukikatika katikati ya mzunguko, DVD zote zilizo kwenye trei zimekwenda. Saba kwa mara moja, Sh5,600 kwa bei ya mfano wetu. Ikitokea mara tatu kwa wiki, faida ya nakala 18 imeyeyuka. Betri ile ya Sh200,000 haikuwekwa kwenye hesabu kwa urembo. Vumbi nalo ni adui wa leza: mashine ifunikwe, isiwekwe karibu na mlango unaotazama barabara ya vumbi.

Na hela itoke wapi? Kama ni akiba, sawa. Kama ni mkopo wa kikundi wenye riba nafuu, angalau marejesho yalinganishwe na mwezi mbaya kuliko wote wa mwaka jana, siyo Desemba ya harusi. Kama ni kausha damu, hakuna idadi ya nakala inayoweza kuilipa kwa faida ya Sh400.

Turudi Alhamisi jioni. Kuna siku kumi. Jibu kwa mwenyekiti linaweza kuwa ndiyo, bila mashine: malipo ya awali ya nusu, barua ya idhini, nakala moja ya majaribio ikubaliwe na kamati ifikapo Jumatatu, halafu mzigo kwa fundi mwenye mashine, au draivu mbili za kuongeza kwenye kompyuta iliyopo. Baada ya hapo, daftari liwekwe juu ya meza kwa miezi mitatu, na kila oda ya DVD iandikwe humo: ya nani, nakala ngapi, na zile zilizokataliwa kwa kukosa muda ziandikwe kwa kalamu nyekundu. Safu ya nyekundu ikijaa, muuzaji wa kwenye WhatsApp bado atakuwepo. Na kwa jinsi soko linavyokwenda, huenda bei yake itakuwa imeshuka.